Kifuniko cha Kaburi la Mufetish

Chai ya kwanza kuwekwa juu ya kaunta mpya ya hoteli ilipoa kabla mwenyewe hajaikoroga. Ilikuwa Januari, mchana, jua la Juba limewalaza hata mbwa wa mtaa wa Thongpiny chini ya magari. Mgeni aliyeiagiza alionja, akakunja uso, akakirudisha kikombe.

"Mmenipa chai ya jana."

Nyibol, binti wa mapokezi, alikuwa ameimimina mwenyewe kutoka kwenye chupa, na mvuke wake ulikuwa umemchoma vidole. Akakishika kikombe. Kilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kisimani.

Meneja akacheka. "Mkimbizi," alimwambia Nyibol mbele ya mgeni, "hata kuchemsha maji hamkufundishwa kambini?"

Meneja huyo aliitwa Isaiah. Alikuwa Mkenya, na hilo si kosa. Miaka ile ya mkataba wa amani Juba ilijaa Wakenya wa benki, wa mashirika na wa shule, wengi wao watu wema waliokuja kutafuta riziki. Kosa la Isaiah ni kwamba Nairobi alikuwa mtu wa kubeba sinia, Juba akapewa tai na rundo la funguo, na tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyemtosha. Hoteli yenyewe ilikuwa makontena ya chuma yaliyopakwa rangi ya maziwa, hema la kulia chakula na jenereta lenye kikohozi. Lakini ungemsikia akiisimulia kwenye simu ungedhani ina ghorofa na lifti.

Nyibol hakuwahi kuishi kambini. Vita viliwatoa kwao akiwa mgongoni mwa mama yake, akalelewa Nakuru, akasoma huko mpaka chuo, akarudi amani ilipotiwa sahihi. Kumwita mtu mkimbizi katika nchi yake, ilhali wewe ndiye uliyeingia kwa pasipoti, kunahitaji upumbavu wa aina yake, na Isaiah alikuwa nao wa kutosha na wa kugawa.

Kaunta aliyoitunukia hoteli yake ilikuwa kifuniko cha kaburi.

Nyuma ya mtaa wa Malakia, upande wa mtoni, kulikuwa na kanisa dogo la mawe lililojengwa na Waingereza zamani za utawala wao. Walikuwa watu waliokumbuka kwao, wakautengeneza uwanja wa makaburi ufanane na wa vijiji vyao: makaburi yenye umbo la sanduku kubwa, kila moja na kifuniko chake kizito, mawe yaliyosafiri baharini na kisha kupandishwa Nile kwa stima. Mafundi wa kwao walikuwa wameyachonga mizabibu, mafuvu, saa za mchanga, na vichwa vya malaika visivyo na miili, mabawa yameota shingoni. Vita vilipita hapo, ukuta ukaanguka, mbuzi wakaingia. Makaburi hayakutikisika. Kubwa kuliko yote lilikuwa la mufetish, kama wazee wa Malakia walivyomwita mkaguzi wa serikali ya kikoloni. Jina lake lilikuwa limeliwa na kuvu, lakini kile kichwa chenye mabawa, kilichozungukwa na mizabibu, kilikuwa bado kizima, mashavu yamejaa, mdomo umefunguka kidogo kama wa mtu anayetaka kuagiza kitu.

Isaiah alikiona siku ya harusi moja, na wenzake walipokuwa wakipiga makofi nje ya kanisa, yeye alikuwa akipima jiwe kwa viganja. Siku iliyofuata alirudi na vibarua, mitaimbo na lori la hoteli.

"Boss, hii ni kaburi," dereva wake, Dhieu, alimwambia.

"Hili ni jiwe. Mwenyewe alikufa babu yako akiwa hajajua suruali. Nani atamlilia?"

"Na kama ni ya baba yako?"

"Baba yangu hazikwi na mbuzi. Shika mtaimbo, fala wewe."

Juu ya ukuta uliobomoka alikuwa amesimama mwanamke mwenye kiko mdomoni, akitazama. Huyo alikuwa Natalina. Padri hakumpenda, lakini mtu yeyote wa Malakia aliyepandwa na pepo, awe Mkristo au Mwislamu, alipelekwa kwake, na padri alijua.

"Ya zol, we bwana," Natalina alisema, "hiyo kitu iko na mwenyewe."

"Nyanya, nenda jikoni," Isaiah alimjibu bila kugeuka.

Kifuniko kilipoinuliwa, wote waliinama kuchungulia. Hawakuona mifupa. Hawakuona hata vumbi. Kulitoka pumzi moja tu ya baridi, yenye harufu ya majani mabichi yaliyonyeshewa, mahali ambapo mvua haikuwa imeonekana tangu Novemba. Dhieu aliliendesha lori hadi hotelini, akashusha mzigo, akaweka funguo juu ya kiti na kwenda zake. Hakurudi tena.

Hiyo ndiyo kaunta iliyopooza chai.

Isaiah aliifurahia hata zaidi. Aliiita friji ya bure. Aliwaonyesha wageni zile nakshi, akavipapasa vile vishavu vya jiwe kwa kidole. Lakini harufu ikaanza. Kila mchana, jenereta linapozimwa lipumzike na feni zinaposimama, mapokezi yalijaa harufu ya majani yaliyooza, ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, ya koti la sufi lililoloa. Nyibol alifuta sakafu kwa dawa mpaka mikono ikababuka, na harufu ikabaki palepale. Kisha zikaja nyayo. Zilikuwa za buti, za mtu mzito asiye na haraka, zikitembea juu ya mbao, na hoteli nzima haikuwa na ubao hata mmoja sakafuni. Ilikuwa saruji tupu.

"Dada, umesikia?" Nyibol alinong'ona.

Aliyeulizwa alikuwa Kawira, mke wa Isaiah, aliyetoka Meru mwezi uliotangulia kuja kusimamia jikoni. Alikuwa mwanamke mpole, na wafanyakazi walimpenda kiasi cha kumsamehe mume aliyemchagua.

"Nimesikia tangu juzi," Kawira alijibu kwa sauti ya chini. "Nilidhani ni mimi tu. Nimemwambia baba Mwenda, huyu mume wangu, akasema ni joto linanipanda kichwani."

"Hiyo stone irudishwe, dada. Haki ya Mungu mimi naogopa."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Aniite tena mkimbizi?"

Wakacheka kidogo, kicheko cha kujikaza, na buti zikasimama. Zilisimama upande wa pili wa kaunta, mahali ambapo mgeni husimama kusubiri kuhudumiwa.

Ubaya wa lile jiwe ni kwamba lilikuwa na raha yake. Joto la jikoni lilimtesa Kawira, na adhuhuri moja alipotoka kwenye majiko kichwa kikimgonga, aliketi kwenye kiti cha mapokezi, akainama, akaweka shavu lake juu ya lile shavu la jiwe. Baridi ikampitia hadi kisogoni. Akafumba macho. Nyibol alimwona amelala, akaona vibaya kumwamsha.

Alipoinuka, alama za mizabibu zilikuwa zimechapwa usoni mwake, na hakukaa kama Kawira. Alikaa ameegemea nyuma, miguu ameitanua, kidevu juu. Isaiah alikuwa akipita na simu sikioni.

"Boi," alisema Kawira.

Sauti ilikuwa ya mwanamume. Nzito, yenye uvivu, sauti ya mtu aliyezoea kwamba hatarudia.

Isaiah alikata simu. Akacheka, kwa sababu hakujua kufanya kitu kingine chochote na uso wake. "Kawira, ni mchezo gani huo mbele ya wafanyakazi?"

"Boi. Chai. Na unifute hiki kiti, kinanuka watu."

Na hapo Nyibol akaona jambo ambalo baadaye alilisimulia mara nyingi na hakuna aliyemwamini mara ya kwanza: Isaiah alifungua mdomo amtukane mkewe, na badala ya tusi akasema "Ndiyo, bwana," na miguu yake ikageuka, ikampeleka jikoni huku shingo yake ikipinda kutazama nyuma kama mtu anayeburutwa, na mikono yake ikachukua taulo, ikalikunja, ikalitandika juu ya kigasha kama alivyokuwa akilitandika Nairobi miaka ile asiyopenda kuitaja, na akarudi na sinia, jasho likimtiririka, akalitua mbele ya mkewe na kuinama, na hakuweza kuinuka mpaka alipoambiwa.

Kawira alipozinduka hakukumbuka lolote. Alijisikia baridi, akaomba shuka.

Kuanzia hapo ikawa kila adhuhuri. Wageni walihama, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisingizia kitu chake. Isaiah alimpeleka mkewe hospitali, akapimwa malaria, akapimwa taifodi, akakosa vyote. Alikuwa akipungua joto tu. Vidole vyake vilianza kukakamaa, na alama za mizabibu hazikutoka shavuni. Zilizidi kuzama, zikawa za kijivu, na Nyibol alipozigusa akimpaka mafuta alihisi ukwaruzo wa jiwe chini ya kidole. Isaiah alimwita mchungaji mmoja wa Wakenya, aliyekuja na spika na waimbaji. Mchungaji alikemea kwa Kiingereza, akatokwa na jasho, akapiga miguu. Sauti ilimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyu anamwita Mungu wake kama anayeita mbuzi," ilisema. "Na sarufi yake ni mbaya. Boi, mtoe nje."

Isaiah akamtoa nje. Kwa adabu, akimfungulia mlango.

Siku hiyo aliingia nyuma ya kontena la stoo na kulia. Ungemhurumia, kama hungemjua. Hakulia kwa sababu ya Kawira anayegeuka jiwe; alilia kwa sababu waimbaji walimwona na taulo mkononi. Nyibol alimkuta hapo.

"Meneja, dada anakufa. Niruhusu nimwite yule mama wa Malakia."

"Mchawi yule wa kiko?"

"Ndiyo. Yule uliyemwambia aende jikoni."

Isaiah alifuta pua. "Mwite," alisema. "Lakini aingilie mlango wa nyuma."

Natalina aliingilia mlango wa mbele. Hakusalimia. Alizunguka kaunta akivuta kiko, akaitazama tai ya Isaiah, akaitazama sakafu yake, akatema mate kando. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya Kawira, na jenereta likazimwa, na feni zikasimama, na harufu ya majani yaliyooza ikajaa.

"Wewe nani?" Natalina aliuliza.

"Mwenyeji."

"Wewe mufetish?"

Kicheko kilichotoka kinywani mwa Kawira kilimfanya Nyibol ashike ukuta. "Mufetish alikufa kwa kuhara, akimlilia mama yake. Nilikuwa katika ule udongo kabla hajazaliwa mtu wa kwao wa kuufikia. Walipomlaza juu yangu na kuniwekea jiwe, nikapata nyumba ya baridi. Nilikuwa nimemsikiliza miaka yote alivyowasemesha watu wake. Sauti ile ilinipendeza. Alipoiacha, nikaichukua."

"Na hapa umefuata nini?"

"Nilikuwa nimelala. Nikasikia mtu juu ya paa langu akimsemesha dereva wake. Nikasema, sauti hii naijua."

Isaiah alikuwa amesimama pembeni, taulo tayari juu ya kigasha. Hakujua lilivyofika hapo.

"Huyu mama nakosa nini kwako?" Natalina aliuliza.

"Hakuna. Aliweka shavu mlangoni. Nikafungua."

"Toka kwake. Sema unataka nini."

"Paa langu. Na boi wangu."

"Paa utapata. Mtu, hapana."

Kucha za Kawira zilikwaruza jiwe, na cheche ndogo ikaruka. "Basi aniombe msamaha," sauti ilisema mwishowe. "Mimi, na wale waliolala pale, na huyu binti anayemkanyaga kila siku. Akijua kuomba, nitaingia ndani nilale. Asipojua, atakuwa wangu."

"Umesikia?" Natalina alimgeukia Isaiah.

"Nimesikia."

"Si kitu kubwa. Hata mtoto najua kusema malesh."

Walikirudisha kifuniko asubuhi iliyofuata. Vibarua walikataa kukigusa, kwa hiyo ilibidi Isaiah aingie chini yake pamoja na vijana wawili ambao Natalina aliwatoa Malakia, na walipokipandisha juu ya lile sanduku la jiwe shati lake lilikuwa limepasuka mgongoni. Kawira alikuwa amelazwa nyuma ya gari, amefunikwa blanketi, macho wazi, hapepesi. Nyibol alimshika mkono. Ulikuwa mzito kama wa sanamu.

Natalina alifagia kulizunguka kaburi, akanyunyiza maji, akasema maneno ya Kibari ambayo hakuyatafsiri.

"Sasa," alisema.

Isaiah alipiga magoti. Alisema na kaburi, na alisema vizuri. Alikiri kwamba alivunja, kwamba aliiba, kwamba hakuwaheshimu waliolala. Machozi yalimtoka. Nyasi zilitulia, na mahali fulani chini ya jiwe kulisikika kitu kama mtu anayejigeuza kitandani. Blanketi la Kawira likainuka na kushuka.

"Nampumua!" Nyibol alipaza sauti, maneno yakimchanganyikia kwa furaha. "Anapumua, mama! Ako na joto!"

"Bado mmoja," Natalina alisema. "Huyu binti."

Isaiah aliinuka, akapangusa magoti. Alikwisha kuona kifua cha mkewe kikipanda na kushuka. Kwa hesabu yake kazi ilikuwa imekwisha, na sasa walimtaka ajidhalilishe bure mbele ya vijana wa Malakia waliokuwa wakimtazama. Alimtazama Nyibol. Nyibol alisimama kando ya gari, viatu vimejaa vumbi, mkono wa Kawira bado mkononi mwake. Hakudai chochote. Pembe ya mdomo wa Isaiah ikapanda juu, kidogo tu.

"Haya, mkimbizi. Malesh. Umeshiba?"

Mbuzi waliokuwa wakila kwenye ukuta walinyanyua vichwa pamoja, wakageuka, wakatoka mbio. Kawira aliketi ghafla nyuma ya gari, akashika shavu lake, na mizabibu haikuwepo. Lilikuwa shavu la mwanamke tu, laini, lenye jasho. Akauliza yuko wapi. Nyibol akamkumbatia akilia.

Natalina hakuwatazama. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha mufetish, akakiacha hapo kwa muda, kisha akakiondoa haraka. Jiwe lilikuwa la moto, kama mawe yote ya Juba saa hiyo.

"Hakuingia ndani," alisema.

"Nani?" Isaiah aliuliza. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo Nyibol hakuwahi kuisikia kwake, akaongeza: "Samahani, mama. Nilikuwa sijaelewa, mama." Na akainama.

Natalina alichukua ufagio wake, akaenda zake. Nyibol alimkimbilia, akamwomba, akamshika mkono. Natalina akasema yeye hutoa kilichoingia kwa nguvu. Kilichofunguliwa mlango na mwenye nyumba, atakisukuma nani?

Hoteli ilimtafuta meneja mwingine. Isaiah hakubisha. Alikuwa mtu mtaratibu sasa, hajibu ovyo, hatazami watu usoni. Alimpigia Kawira pasi nguo zake zote, akapanga viatu. Usiku na mchana alikuwa akisikiliza kitu, kichwa ameinamisha upande. Kawira alijaribu kuzungumza naye kama mume.

"Baba Mwenda, twende nyumbani. Mama atakuombea. Utapona."

"Itategemea, memsahibu," alijibu. "Itategemea kama nitapewa ruhusa."

Walipanda basi la kwenda Nimule, mpakani, asubuhi. Nyibol aliwasindikiza hadi kituoni, akamfungia Kawira mandazi kwenye gazeti. Isaiah alikataa kuketi. Kulikuwa na kiti kitupu kando ya dirisha, ng'ambo ya njia, ambacho abiria wote walikuwa wamekiruka bila kujua kwa nini, na yeye alisimama kando yake, ameshika chuma cha juu, akayumba na basi.

Walipofika Nesitu, basi lilisimama nyuma ya malori ili watu wanyooshe miguu. Isaiah alisogea, akampisha mtu ambaye hakuwepo, akamfuata hadi mlangoni. Alishuka wa pili. Chini, alivua koti lake, akalishika juu kwa mikono miwili, mbali na kichwa chake mwenyewe, kama anayemkinga mtu mrefu dhidi ya jua, na akaanza kutembea kuiacha barabara. Alipita malori. Alipita vibanda vya mwisho. Akaingia kwenye nyasi kavu zilizofika kiunoni, polepole, akipima hatua zake zisizidi hatua za aliye mbele.

Kawira alitazama dirishani. Aliona nyasi mbele ya mumewe zikilala chini, moja moja, chini ya buti za mtu mzito asiye na haraka.

Dereva alipiga honi. Akapiga tena. "Mama, mzee wako anaenda wapi? Tumsubiri?"

Koti lilikuwa bado linaonekana juu ya nyasi, limenyooka, halitetemeki. Kawira alifunga kioo.

"Amepata kazi," alisema. "Twende."